Kuvuna msamiati vitabuni: neno huja na jamaa zake

Sentensi kama hii haikosekani katika rundo la insha, liwe limekusanywa Nakuru, Kisumu au Kakamega: "Siku hiyo nilirauka saa nne asubuhi nikakuta halaiki ya kuku wetu imeaga dunia." Aliyeiandika si mvivu. Amejifunza maneno, tena kwa bidii. Pengine ana daftari zima lenye safu mbili, kushoto neno gumu, kulia maana yake: rauka ni amka, halaiki ni kundi kubwa, aga dunia ni kufa. Kila mstari wa daftari hilo ni nusu ya ukweli. Kurauka ni kuamka mapema sana, alfajiri, kwa hiyo saa nne imechelewa mno. Halaiki ni umati wa watu. Kuku hawana halaiki. Na kuaga dunia ni heshima tunayompa binadamu. Kuku hufa tu.

Kitabu cha fasihi kingemfundisha mwanafunzi huyo mambo yote matatu bila kutoa ufafanuzi hata mmoja. Angekutana na mhusika aliyerauka giza lingalipo, akatafuta kibiriti na kuwasha taa. Angeona halaiki imefurika uwanjani. Angesikia habari za marehemu zikitolewa kwa sauti ya chini. Swali ni kwa nini wanafunzi wengi, na watu wazima pia, humaliza riwaya nzima na bado wasitoke na maneno yake.

Kulijua neno ni kujua mambo kadhaa kwa pamoja: maana yake, mzizi wake na maneno yaliyozaliwa nao, ngeli yake kama ni nomino, maneno linayopenda kuandamana nayo, na mahali panapolifaa, kama ni kwenye tanzia, hotuba, gazeti au maskani. Kamusi na riwaya zimegawana kazi hiyo. Kamusi inamudu maana na mzizi. Riwaya inamudu yaliyobaki: ngeli inajionyesha katika upatanisho wa sarufi, na neno linaonekana likitembea na nani, kinywani mwa mhusika wa namna gani. Vurugu huanza watu wanapozibadilishia zamu. Msomaji huilazimisha riwaya impe maana, akabahatisha. Kisha huilazimisha kamusi imfundishe matumizi, akaunda sentensi ambayo Mswahili hawezi kuitamka.

Kitabu kisizidi kimo chako

Kabla ya kuazima kitabu katika maktaba ya umma iliyo Nakuru, Kisumu au Kakamega, au kumlipa muuza vitabu vya mitumba kando ya barabara, kifungue katikati. Kurasa za kwanza hudanganya. Waandishi wengine huzipamba kupita kiasi, wengine huzilegeza ili wakuvute ndani. Soma ukurasa mmoja mzima bila kamusi huku ukikunja kidole kwa kila neno usilolijua kabisa. Mwaka 2000, Marcella Hu na Paul Nation walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba anayesoma lugha ya pili anahitaji kujua takriban asilimia 98 ya maneno ndipo aielewe hadithi vizuri bila msaada. Kwa ukurasa wa maneno 250, maneno mageni yasizidi matano. Vidole vya mkono mmoja.

Utafiti huo ulihusu Kiingereza, kwa hiyo sisi tuuchukue kwa uangalifu. Katika Kiswahili, "hawakumwonyesha" ni neno moja machoni pa mpiga chapa, lakini ndani yake kuna kikanushi, nafsi mbili, wakati na kitenzi kilichonyambuliwa kutoka ona. Aliyezoea onyesha hawezi kuliita geni eti kwa sababu hajawahi kuliona likiwa limevaa viambishi hivyo. Hesabu mizizi, maumbo yaache.

Vidole vikikunjwa vitano au chini yake, kitabu hicho unaweza kukisoma peke yako kwa raha. Maneno sita hadi kumi na mawili, kisome kamusi ikiwa karibu, kurasa kumi au kumi na tano kwa kikao. Zaidi ya hapo ni kitabu cha kusoma darasani au na mwenzako. Peke yako utachoka kabla ya sura ya pili, utakisingizia kitabu kuwa ni kibaya.

Aina ya kitabu nayo ina uzito wake. Riwaya ndefu ndiyo shamba bora la msamiati kwa sababu rahisi: kila mwandishi ana maneno anayoyapenda, na katika kurasa 200 atayarudia. Neno lisiloeleweka ukurasa wa 12 hurudi ukurasa wa 47 likiwa na wenzake wengine, kisha ukurasa wa 130. Hadithi fupi haina nafasi hiyo. Tamthilia hukupa mazungumzo, methali na namna watu wanavyokaripiana na kubembelezana, ila maelezo ya mandhari ni haba. Ushairi ni wa mwisho katika orodha hii, na sababu zake zinakuja. Ukitaka mavuno ya haraka, soma riwaya mbili za mwandishi mmoja moja baada ya nyingine kabla ya kuhamia kwa mwingine. Watu hudhani ni uchoyo wa kusoma. Kumbe ya pili husomeka kwa urahisi zaidi, na maneno ya ile ya kwanza huimarika yenyewe.

Kifungu kimoja kwa makini

Tuchukue kifungu kilichotungwa kwa ajili ya makala haya. Kina maneno 44 na kimejazwa magumu kwa makusudi.

"Ngoma za mbali zilipokoma, mzee alinyanyuka, akajikongoja hadi ukingoni mwa ziwa. Nyavu alizoanika tangu mawio zilikuwa bado zina unyevu. Alizikagua moja moja, kisha akashusha pumzi. Ukata ulikuwa umemdunisha mbele ya wanawe. Hata kitinda mimba alikuwa ameanza kumbeza. Akashika tama, akiyakodolea macho maji yaliyotulia tuli."

Nyavu haisumbui mtu aliyewahi kufika Dunga au Usenge, fuo za wavuvi wa Ziwa Viktoria. Kuna ziwa, kuna kuanika, basi ni za kuvulia samaki. Akajikongoja nalo linakisika kwa kiasi: kuna mzee, kuna "hadi", kwa hiyo ni mwendo, na huenda ni wa polepole. Kumbeza ndilo jepesi zaidi kulikisia, na kinacholifungua ni kineno kidogo "hata". Baba ameshushwa mbele ya wanawe, kiasi kwamba hata mdogo wa mwisho anamfanyia jambo fulani. Jambo hilo haliwezi kuwa kumsifu. Ni kumdharau. Viunganishi vya namna hii, yaani hata, ijapokuwa, sembuse, licha ya, seuze, hufungua maneno mageni mengi kuliko nomino zinazoyazunguka. Anayejifunza kukisia na aanze kwa kuvisoma hivyo polepole.

Sasa tazama ukata. Muktadha unasema ni kitu kinachoweza kumshusha mtu hadhi mbele ya watoto wake. Uzee unafaa hapo. Ulevi unafaa. Ugonjwa unafaa. Msomaji atachagua mmojawapo, sentensi itamwitikia, ataendelea akiwa ameridhika na amekosea: ukata ni kukosa fedha, ufukara. Mawio ni hatari zaidi. "Tangu mawio" inamwambia msomaji kwamba ni wakati fulani uliopita, basi. Anayedhani ni jioni ya jana hatapata kizuizi chochote, kwa kuwa nyavu zinaweza kukosa kukauka usiku. Mawio ni kuchomoza kwa jua. Muktadha hauna deni la kukueleza maana. Mwandishi alikuwa akisimulia habari za mzee na wala hakuwa akifundisha msamiati.

Lakini angalia kilichopatikana hata kwa aliyekosea maana ya ukata. Ameona "ukata ulikuwa": neno linachukua u-. Ameona kwamba ukata unaweza kuwa mtendaji, kwamba ukata humdunisha mtu. Akiongeza maana kutoka kwenye kamusi, ataandika "ukata ulimfanya auze ng'ombe wake" na hatakosea. Mwenye daftari la safu mbili ataandika "mtu mkata sana alikuwa na ukata mwingi" na kubaki akijiuliza kwa nini mwalimu amepiga mstari mwekundu.

Shika tama haligawanyiki. Ni kuweka kiganja shavuni kwa huzuni au mawazo, na anayetafuta tama peke yake atapotea njia. Tuli nalo limefungwa kwa tulia. Tanakali karibu zote ziko hivyo: mtu hulala fofofo, ukumbi hujaa pomoni, kitu huanguka majini chubwi, matopeni tapwi na mchangani tifu. Ukizibadilishana zinachekesha. Kwa hiyo usiandike "fofofo" kwenye daftari, andika "lala fofofo". Vivyo hivyo "giza totoro", "baridi shadidi", "mvua ya rasharasha", "hofu ilitanda". Hili ndilo tunalomaanisha tunaposema neno huja na jamaa zake, na kwa maoni yetu ndilo pengo kubwa kuliko yote katika orodha za msamiati zinazosambazwa shuleni: zimemtenga kila mmoja na familia yake.

Mlango wa kamusi

Wanafunzi wengi huamini kamusi ina upungufu. "Nimelitafuta, halimo." Mara nyingi limo, ila wamegonga mlango usio wake. Nomino huorodheshwa kwa umoja, na ngeli ya U-ZI ndiyo inayoficha zaidi. Nyavu hazimo kwenye N. Ziko kwenye wavu. Nyuso ziko kwenye uso, nyufa kwenye ufa, mbavu kwenye ubavu, kuta kwenye ukuta, nyayo kwenye unyayo. Ndimi ni mtego wa aina yake: zinaweza kuwa wingi wa ulimi, na zinaweza kuwa "ndimi" ya "ndimi niliyekuita", yaani ni mimi hasa. Upatanisho ndio unaoamua: "ndimi zao" au "ndimi niliye".

Kwa vitenzi, vua viambishi kwa mpangilio. Chukua "walivyotudhalilisha". Ondoa nafsi na wakati, wa-li. Ondoa kirejeshi, -vyo-. Ondoa mtendwa, -tu-. Imebaki dhalilisha. Sasa ondoa mnyambuliko, -isha, upate dhalili, mtu aliye duni au aliyenyongeshwa. Kamusi nyingi huweka minyambuliko ndani ya kitomeo cha neno la msingi, kwa hiyo ukikosa dhalilisha peke yake, shuka hadi dhalili. Kamusi za simu nazo zina ulemavu huu: nyingi hutaka umbo kamili la neno, ukiandika "akajikongoja" zinanyamaza. Andika kongoja. Papo hapo utagundua kwamba ule mkongojo wa babu, fimbo ya kutembelea, ni ndugu wa kitenzi hiki, na maana haitakutoka tena.

Mnyambuliko wa kutendua, ule wa -ua na -oa, hulipa vizuri sana. Anika nguo, anua nguo. Ezeka paa, ezua paa. Fumba macho, fumbua macho. Chomeka, chomoa. Tega, tegua. Katika mazungumzo ya kawaida Nakuru au Kisumu, mtu husema "toa nguo kwa kamba mvua inakuja", na anua inabaki vitabuni. Mwenye kujua kanuni hii akikutana na "dhoruba iliezua mabati" hahitaji kamusi. Tahadhari: si kila -ua inatendua. Nunua, chagua na pasua hazina anayezitangulia, kwa hiyo usianze kumtafuta "nuna" wa nunua.

Mizizi ya Kiswahili pia ina mapacha wasiofanana tabia. Usiku kucha na mchana kutwa ni misemo ambayo kila mtu anaijua, na ndani yake mna jozi inayowatatiza wasomaji wa riwaya. Kucha ni kupambazuka; ndiyo maana tunasema kumekucha, na usiku kucha ni usiku hadi mwanga. Kuchwa, ambalo wengi hutamka kutwa, ni jua kuzama. Mchana kutwa ni mchana hadi machweo. Basi macheo ni asubuhi na machweo ni jioni, na herufi w inatenganisha saa kumi na mbili nzima. Kuna kucha nyingine isiyohusiana nayo, ya kuogopa: mcha Mungu, chelea, mchelea mwana kulia. Na kuna kucha za vidole. Ukiandika "kucha = kupambazuka" na kufunga daftari, ya pili itakuchanganya siku ukikutana nayo.

Maneno yaliyotoka Kiarabu yana mantiki tofauti. Humo, konsonanti tatu hushikilia wazo na irabu hubadilika. Konsonanti k-t-b zimetupa kitabu, katibu, katiba, maktaba, mkataba na mkutubi. H-k-m zimetupa hukumu, hakimu, mahakama na hekima. J-m, ambazo mwenzao wa tatu amepotea katika Kiswahili: jamii, jamaa, jumuiya, jumuika, hata Ijumaa. Ukijua moja, ukoo mzima unasogea karibu. Lakini kuna undugu wa sura tu. Haki, hakika, hakiki na stahiki ni ukoo mmoja. Hakimu hayumo, ingawa jina na kazi yake vinakushawishi uamini hivyo. Kiarabu kina k mbili tofauti na Kiswahili kimeziunganisha. Dhalimu na dhalili ndio wanaosumbua zaidi darasani, kwa sababu huonekana katika onyesho lilelile: dhalimu ni mwenye kudhulumu, dhalili ni aliyeshushwa. Anayewabadilisha huigeuza hadithi nzima, mkandamizaji akawa mwathiriwa.

Bahari haiko Kisumu

Sehemu kubwa ya fasihi ya Kiswahili imeandikwa na watu wa pwani na visiwani, na msamiati wake umejaa vitu vya huko. Hapa kukisia hakusaidii. Msomaji wa Kisumu anajua mbuta, ngege na omena. Anajua ziwa likichafuka. Lakini maji kupwa, yaani kupungua, na kujaa hayaoni, kwa kuwa ziwa halina kupwa na kujaa kunakoonekana kwa macho. Akisoma kwamba vijana walisubiri bamvua, atadhani ni mvua. Bamvua ni kipindi ambacho maji ya bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Kusi na kaskazi ni pepo za msimu, na ndizo zilizozaa kusini na kaskazini tunazozijua kwenye ramani. Kifuu, kumbi na makuti vyote ni vya mnazi. Anayeishi Bungoma au Molo hana budi kuviona kwa picha. Kwa maneno ya aina hii picha moja ni bora kuliko ufafanuzi wa mistari mitatu, na ukishaiona usilipotezee neno hilo muda zaidi. Si la kulikariri kwa insha yako kuhusu soko la Kibuye mjini Kisumu.

Ushairi huongeza tabaka lingine. Mato ni macho na tini ni chini katika Kimvita, lahaja ya Mombasa. Hayo si maneno magumu. Ni maneno ya kawaida ya mahali pengine. Mengine ni kazi ya uhuru wa mshairi: amefupisha neno ili mizani itoshe, au amelirefusha, au amebadili mwisho wake kwa ajili ya vina, ndiyo inkisari, mazida na tabdila. Anayekusanya "mesahau" akidhani ni neno la hadhi amekusanya nimesahau iliyokatwa kichwa. Soma ushairi kwa ajili ya ushairi, na kabla ya kuokota neno humo hakikisha umelikuta pia katika nathari.

Lugha ya nyumbani nayo ina mkono wake. Wanaozungumza Kiluhya na Ekegusii wana faida ya ngeli. Mantiki ya umoja na wingi wa nomino hawaianzi upya. Upande wa sauti kila mmoja ana mzigo wake. Dholuo haina sh, z wala v, kwa hiyo suka na shuka, au pasa na pasha, huweza kuhifadhiwa kichwani kama neno moja. Kwa wengi wanaozungumza Kibukusu au lugha za Kikalenjin, mpaka kati ya b na p au d na t hauko palepale ulipo katika Kiswahili. Hapo baa, yaani janga, hujichanganya na paa, na doa na toa. Kwa Gikuyu na Ekegusii mpaka uliopotea ni wa l na r: mahali na mahari. Hili si suala la lafudhi pekee. Neno lililohifadhiwa kwa sauti isiyo yake litatafutwa kwenye herufi isiyo yake na litaandikwa vibaya kwenye insha. Dawa ni ndogo: kila neno unalolichagua, soma sentensi yake kwa sauti mara tatu na upige mstari chini ya herufi inayokusumbua wewe.

Daftari na kalenda

Hata kamusi ikiwa karibu, usisome ukiwa nayo mkononi. Kila unapoifungua unakata uzi wa hadithi, na hadithi ndiyo gundi ya kumbukumbu. Soma sura moja hadi mwisho, na kwa kila neno linalokusimamisha andika neno na nambari ya ukurasa kwenye ukanda wa karatasi unaotumia kama kialamishi. Kitabu cha maktaba kisiguswe kwa kalamu. Sura ikiisha, utakuwa na maneno 15 au 20. Chagua matano tu. Kipaumbele kiende kwa lililojitokeza zaidi ya mara moja, lile ambalo bila lenyewe tukio halieleweki, na lile unaloona utalihitaji katika maandishi yako. Mengine yaache bila majuto. Ya maana yatarudi.

Daftari la kurasa 96 linatosha muhula mmoja. Mpe kila neno nusu ukurasa, si mstari. Juu andika mzizi au umoja wake, na ngeli kwa nomino. Chini yake nakili sentensi nzima ya kitabuni pamoja na ukurasa. Kisha maana, kwa Kiswahili. Anayeandika maana ya Kiingereza amejijengea njia ndefu, maana atapitia Kiingereza kila anapolihitaji neno. Kisha jamaa: ukoo wa mzizi na maneno liliyoandamana nayo. Mwisho sentensi yako mwenyewe, ila iandike siku inayofuata, si papo hapo. Ukiiandika sasa utakuwa unaiga ya mwandishi kwa kubadilisha majina. Nafasi iliyobaki iache wazi. Ni ya sentensi ya pili na ya tatu utakazokutana nazo mbeleni.

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejifanyia majaribio mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, alionyesha kwamba usahaulifu huwa wa kasi mwanzoni, kisha hupungua. Kwa hiyo marudio ya mwanzo yakaribiane: siku ya kwanza baada ya kuliandika, ya 3, ya 7, kisha ya 21. Funika maana kwa kiganja, soma sentensi ya kitabuni, na ueleze neno kwa maneno yako. Maneno matano hayachukui zaidi ya dakika tano. Vikao vitatu kwa wiki, kwa wiki 12, ni maneno 180. Tarajia kupoteza sehemu yake, na usijaribu kuongeza idadi. Anayeandika maneno 20 kwa siku huacha zoezi wiki ya tatu.

Mtahiniwa wa karatasi ya pili ya Kiswahili, 102/2, katika mtihani wa kitaifa wa KCSE nchini Kenya, anajua swali la mwisho la ufahamu: eleza maana ya neno kama lilivyotumika katika kifungu. Maneno manne ya mwisho ndiyo swali lenyewe. Akiulizwa "alimbeza", ajibu "alimdharau", kwa nafsi na wakati uleule, asiandike "dharau" wala "kudharau". Jaribio la kujipima ni kulirudisha jibu ndani ya sentensi badala ya neno: kama sentensi bado inasimama kwa miguu yake, jibu limekaa. Likilegea, huenda umetoa maana nyingine ya neno hilo, ya kamusini, isiyo ya kifungu.

Mwisho wa muhula, pitia daftari ukiwa na kalamu nyekundu. Neno ambalo nafasi yake ya sentensi ya pili bado iko wazi, yaani hujakutana nalo tena popote, hata kwenye gazeti la Taifa Leo wala redioni, lipige mstari na usilitumie kwenye insha. Unalijua kwa kuonana mara moja tu, na huna hakika linatembea na nani.